Gia Ndogo Si Aibu: Baiskeli Moja ya Mazoezi na Mzigo Huku Mbooni

Wacha niseme tu, na mwenye atakasirika akasirike: wasee wengi wanaotoka Nairobi na baiskeli ya mbio ya mtumba, wakaileta huku Mbooni, wamenunua picha. Inakaa poa ukiwa umesimama nayo kando ya lami. Halafu unatoka Tawa ukipanda kuelekea Kikima na begi mgongoni, na kabla ya nusu ya mlima umeshuka unaisukuma kama punda mgonjwa.

Shida si miguu yako. Shida ni meno.

Hizo baiskeli za mbio za kitambo huwa na gia mbili mbele, meno 53 na 39, na nyuma kubwa kabisa ni kama 25. Chukua ile nyepesi zaidi, 39 mbele na 25 nyuma. Ukigawa, unapata 1.56. Zidisha na mzunguko wa gurudumu, mita 2.1 hivi, na unaona kila ukizungusha pedali mara moja baiskeli inasonga mita 3.3. Sasa weka mzigo wa kilo 20 kwa keria na mlima wa kwetu. Mtu wa kawaida hapo anaenda kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 30 kwa dakika. Thelathini! Hapo huendeshi, unapiga squat moja baada ya nyingine, goti likiumia na gurudumu la mbele likitangatanga. Basi la mizigo likipita karibu, Mungu akusaidie.

Ndio kuna ile ingine ambayo watu huicheka: ile mountain bike ya mtumba ya inchi 26, gia tatu mbele, rangi imekwaruzika, jina la kampuni halisomeki. Nyingi huja na 48, 38 na 28 mbele, na nyuma frikwili ya gia saba, 14 mpaka 28. Ukiweka 28 kwa 28, mzunguko mmoja ni mita 2 na kidogo tu. Mlima ule ule, mzigo ule ule, mwendo ule ule: mizunguko karibu 50. Tayari ni maisha tofauti.

Lakini mimi naenda hatua moja zaidi, na hapa ndio napigwa na wajuaji. Toa hiyo frikwili, weka ile ya 14 mpaka 34. Ukiiangalia vizuri utaona meno yake yanaenda 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu yanaruka moja kwa moja hadi 34. Wajuaji wanasema huo mruko ni mbaya, eti gia zinafaa kupanda pole pole. Mimi nasema huo mruko ndio uzuri wake wote.

Fikiria baiskeli moja inavyotumika huku. Asubuhi unataka mazoezi. Unaweka gia ya katikati mbele, ile ya 38, na hutoki hapo. Nyuma unacheza kati ya 14 na 24, meno mawili mawili, na ukishika mizunguko 85 kwa dakika unaenda kutoka kilomita 17 hadi 28 kwa saa. Ukipata mteremko mzuri kuna 48 inakungoja, na kwa mizunguko 90 inakufikisha 38. Hiyo inatosha mazoezi ya mtu yeyote ambaye halipwi kuendesha. Jioni nyumbani wanataka maji, mitungi miwili ya lita 20, kilo 40 hizo bila kuhesabu plastiki. Ama ni likizo na umefunga mabegi unaenda kupitia Wote mpaka Makindu. Hapo ndio unaita 28 mbele na 34 nyuma: mita 1.7 kwa mzunguko, na mlima unapanda kwa mizunguko karibu 60 ukiwa umekaa kwa kiti. Gia za mazoezi zimekaa karibu karibu, gia ya mzigo imekaa peke yake kule mwisho ikingoja kazi. Nani alisema lazima zifuatane kama ngazi?

Najua mtaniambia gia ndogo ni za wazembe. Si Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kibaiskeli na David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne, na mwaka 2013 kwa mlima wa Ventoux akamwacha Contador akiwa amekaa, miguu ikizunguka haraka kama cherehani? Kama gia nyepesi haikuwa aibu kwake, wewe wa Mbumbuni unaona aibu ya nani?

Na wazee wetu na zile Black Mamba? Ndiyo, walikuwa na gia moja, na ni nzito. Kwa mlima walishuka wakasukuma, na hakuna aliyewacheka. Lakini hawakuwa na chaguo. Wewe uko nalo.

Kuhusu kushuka sitasema mengi. Kutoka Kikima kwenda Tawa vidole viko kwa breki muda wote. Hiyo 53 yako itafanya kazi gani? Pesa ya gia kubwa nunulia breki.

Kuna pia hizi mpya za gia moja mbele na kaseti kubwa kama sahani nyuma. Nzuri, sikatai. Ila ikivunjika ukiwa Kalawa, utaipata wapi? Frikwili ya gia saba fundi yeyote wa soko anaijua.

Kabla hujalipa popote, hesabu meno. Weka alama ya chaki kwa jino moja, zungusha pole pole, hesabu. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Angalia pia kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni: kiwe kirefu, kile kifupi cha baiskeli ya mbio hakitamudu 34. Na ukibadilisha frikwili, cheni ya zamani pengine itakuwa fupi. Fundi akikwambia itatosha tu, mwambie aizungushe kwanza juu ya 48 mbele na 34 nyuma bila kuipitisha kwa kimkono, kisha aongeze pingili mbili, ndio akate. Simama hapo hapo mpaka amalize.