Gunia Moja ni Kilo Ngapi?



Lugha yetu ni tajiri wa majina ya vipimo. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Baadaye likaja debe, ambalo asili yake ni kopo la mafuta ya taa la galoni nne, yaani takriban lita 18. Siku hizi hata ndoo ya lita 20 huitwa debe. Gunia nalo halina uzito mmoja: gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, na nchini Tanzania kilo 100.

Tofauti hizo peke yake si kosa. Maadamu muuzaji na mnunuzi wanaelewana, kila soko laweza kuwa na desturi yake. Dhuluma huanza pale jina linapobaki lile lile, huku kilichomo kikiongezwa kwa matakwa ya upande mmoja. Hiyo ndiyo lumbesa: gunia lililokwisha kujaa viazi au vitunguu huongezewa kichwa juu, likafungwa kwa kamba, na bado likaitwa gunia moja.

Tufanye hesabu. Mkulima akiuza magunia kumi ya kilo 130 kwa bei ya magunia kumi ya kilo 100, ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Mlaji wa mjini, anunuaye kwa kilo au kwa fungu, haioni nyongeza hiyo. Ushuru ukitozwa kwa idadi ya magunia, halmashauri hupoteza mapato. Na mpagazi alipwaye kwa gunia hubeba mgongoni kilo 30 zisizo na ujira.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002 kuisimamia. Lakini sheria haiendi shambani yenyewe. Mkulima aliye peke yake, mwenye ada ya shule ya kulipa na mazao yanayokaribia kuoza, hukubali kipimo chochote anacholetewa.

Jambo hili si geni. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha. Walionyonywa wakati ule walikuwa maskini, kama ilivyo leo.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa vyama vya wakulima: nunueni mizani ya pamoja, iliyokaguliwa na kupigwa chapa, kubalianeni bei kwa kilo kabla lori la mnunuzi halijafika, na asiwepo wa kuuza lumbesa kwa siri huku wenzake wakisimama imara.

Nasi tujihoji. Kopo la sokoni lililobonyezwa kitako, na mahindi yaliyotiwa mchanga ili yaongeze uzito, ni lumbesa kwa sura nyingine. Adaiye mizani ya haki anapouza hana budi kuikubali mizani hiyo hiyo anapouziwa.