Maji ya Tumbo Yanapopanda Kifuani

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa unaoleta fadhaa nyingi katika nyumba zetu za Tarime na Serengeti.

Katika kuzuru wagonjwa wa kanisa, tulimkuta baba mmoja nje ya Mugumu akihema kama aliyepanda mlima. Macho ya njano, tumbo limejaa. Alikuwa ametolewa maji kifuani, upande wa kulia, mara mbili, na mara mbili yalirudi. Majirani walisema ni kifua kikuu, wengine walisema amerogwa. Kifua kikuu kipo huku, na kupima ni lazima. Alipimwa makohozi na maji yenyewe, hakikuonekana. Shida ilikuwa ini.

Gongo, homa ya ini aina ya B na kichocho huweza kulitia ini makovu. (Watoto wetu huchanjwa dhidi ya homa hiyo tangu 2002, sisi wakubwa wengi hatukuipata chanjo.) Damu ikikosa njia katika ini, maji huvujia tumboni. Kati ya tumbo na kifua Mungu ameweka ukuta wa nyama, ndio kiwambo. Kwa wengine kiwambo hicho kina vitundu, mara nyingi vidogo kuliko sentimita 1, hasa upande wa kulia. Kila mgonjwa avutapo pumzi, kifua hunyonya maji ya tumboni kupitia hapo. Ndiyo sababu hata mwenye tumbo dogo aweza kujaa kifuani, na ndiyo sababu yakitolewa hurudi.

Basi kazi kubwa iko jikoni. Chumvi yote ya siku isifike kijiko cha chai. Magadi ya mlenda na maharage yahesabiwe pia, ni ndugu wa chumvi. Dawa za kukojosha anywe kama daktari alivyoandika, pombe aache kabisa. Diklofenaki huumiza figo za mgonjwa huyu.

Wazee wa kanisa walitaka baba yule afunge siku tatu. Tuliwaomba wafunge wao, yeye ale, hata uji kabla ya kulala, kwa kuwa ini bovu halina akiba. Walikubali, ingawa mmoja alinung'unika.

Mkewe aliuliza, je, mpira usiachwe kifuani maji yatoke daima? La, mama. Mwili hupoteza protini nyingi, na uambukizo huingia. Lakini akipata homa, akianza kuchanganyikiwa, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali siku ileile.