Bombone ya gazi isiwe munyororo: wenye resto wa Goma wawe na haki ya kubadilisha muuzaji

Goma, Machi 2023

Wakaaji wa Goma, wamama na wababa wenye resto, wenye kuchoma mikate, wenye kukaanga mandazi ku barabara, ndugu vijana,

Leo hatuandike juu ya vita, hata kama vita iko karibu na sisi. Tunaandika juu ya moto wa kupikia. Lakini mutaona kama hizi mambo mbili zinapita njia moja.

Tangu barabara ya Rutshuru ilikatika mwaka wa 2022, kila mutu anayenunua makala anajua bei ilienda wapi. Na hata mbele ya hapo, makala haikuwa kitu safi. Kwa miaka mingi tunajua kama sehemu kubwa ya makala inayoungua mu muji wetu inatoka mu miti ya Parke ya Virunga, na kama makundi ya silaha, FDLR kati yao, yanakulaka pesa ya hiyo biashara. Kila mufuko tunaoweka jikoni umelipa mutu fulani mu pori. Njo maana wenye resto wengi walianza kuuliza gazi. Tunawapongeza. Lakini tumeona kama wengine wanaingia mu gazi, kisha wanarudi ku makala. Tulitaka kujua sababu.

Mama mmoja wa Birere alituelezea yake. Anapikaka kila siku fufu, maharagi na samaki kwa watu wa soko. Alinunua bombone mbili kwa muuzaji mumoja, akalipa pesa ya chupa, akalipa na kile kichwa cha kufunga juu, detandere, pamoja na tiyo. Miezi ya kwanza ilienda muzuri. Kisha siku moja gazi ikaisha mu depo ya yule muuzaji. Siku ya kwanza wakamuambia kesho, siku ya pili kesho, mupaka siku kumi na moja zikapita. Akaenda kwa muuzaji mwingine mwenye gazi. Kule wakamuambia: chupa yako haiko yetu, na detandere yako haiingie ku chupa zetu. Lipa chupa mupya, lipa detandere mupya. Akarudi kwa wa kwanza kuomba pesa yake ya chupa. Wakamuomba karatasi. Karatasi hawakumupaka hata siku moja. «Nilikimbia makala juu ya bei,» akatuambia, «na gazi nayo ikanifunga miguu.» Leo bombone zake mbili zinakaa nyuma ya mulango, tupu, na yeye anapepea makala.

Hiyo njo neno letu la leo. Muteja asiyeweza kuondoka haiko muteja, ni mufungwa anayelipa. Tunasikia viongozi wanasema wakaaji waache makala, waokoe Virunga. Sawa. Lakini mutu hawezi kuacha makala kama mulango wa gazi unafunguka upande wa kuingia tu.

Tuangalie namna hiyo mutego inafanya kazi, juu tukiijua tutaweza kuitegua. Kamba ya kwanza ni chupa: pesa unayolipa ya chupa inaitwa dhamana, maana yake inapashwa kurudi siku unarudisha chupa, lakini kwa wengi inageuka pesa iliyokufa. Kamba ya pili ni detandere: kampuni zingine ziko na robine tofauti, na kichwa cha huyu hakiingie kwa yule. Kamba ya tatu ni karatasi: mwenye resto ananunua kwa mudomo, analipa ku mukono, na siku ya ubishi hana kitu cha kuonyesha. Na kamba ya ine, ile ya kificho zaidi, ni kilo.

Juu ya kilo, tufanye hesabu pamoja. Tuseme mama ananunua bombone ine za kilo 12 kila mwezi. Ikiwa kila moja inapunguka kilo moja tu, kila mwezi anapoteza kilo 4. Kisha miezi mitatu ni kilo 12: bombone nzima imepotea, na yeye aliilipa. Kama angekuwa na uhuru wa kwenda kwingine, muuzaji angeogopa. Lakini muuzaji anajua haendi fasi.

Wauzaji wamoja walitujibu, na jibu lao tunaliweka hapa juu si haki kulificha. Wanasema: chupa inatugarimu pesa nyingi, na hatuwezi kujaza chupa ya mutu mwingine tusiyojua kama ilipimwa wala ilikaa wapi. Hapo wako na haki. Chupa mubovu inaweza kuua watu. Hatuombe mutu ajaze chupa ya jirani. Tunaomba mambo mbili tofauti: dhamana irudi bila mateso, na wauzaji wapatane kubadilishana chupa kati yao, kila mumoja arudishiwe zake. Wenye depo za pombe na limonade mu muji huu wanahesabu makazie na chupa tupu kila siku, na hakuna anayelia. Gazi nayo inaweza.

Ku upande wa umeme tumekwisha kuona kama mambo inaweza kubadilika. Sheria ya mwezi wa Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme, na leo mu Goma watu wanataja SNEL, wanataja Virunga Energies, Socodee, Nuru. Hatuseme kama yote ni muzuri. Kuna kartiye ambazo hazina hata waya moja, na malalamiko juu ya bei tunayapokea kila wiki. Lakini mutu anayeishi fasi waya mbili zinapita anaweza kulinganisha, anaweza kuuliza maswali, na wale wanaomuuzisha wanajua. Gazi ya jikoni haijafika hapo. Na mwenye resto anapikia watu mia moja kwa siku. Akikosa moto, hao mia moja wanakosa chakula, na wasichana watatu wanaomusaidia wanakosa mushahara.

Kwa kungojea, tunaweza kujisaidia sisi wenyewe. Wewe mwenye resto, mbele ya kuchagua ao kubadilisha muuzaji, fanya hivi:

Hesabu kwanza matumizi yako. Andika mu kaye siku bombone inafunguliwa na siku inaisha, kwa mwezi mumoja. Bila hiyo hesabu, kila muuzaji atakuambia yake ni ya bei chini.

Linganisha bei ya kilo moja, usilinganishe bei ya chupa. Tuseme mumoja anauza kilo 6 kwa dola 15, mwingine kilo 12 kwa dola 27. Chupa ya kwanza inaonekana rahisi, lakini kilo yake ni dola 2,50. Ya pili ni dola 2,25. Kisha ongeza pesa ya moto ya kuleta.

Pima. Uzito wa chupa tupu umeandikwa juu ya chuma yenyewe. Chupa yenye kuandikwa 13,4 na kilo 12 za gazi ndani inapashwa kuonyesha 25,4 ku kilo. Ikionyesha 24,4, usiilipe. Muuzaji anayekatala kilo amekwisha kukujibu.

Omba karatasi yenye namba ya chupa, pesa ya dhamana na masharti ya kuirudisha. Uliza pia: depo ikikauka, munanipa nini?

Usihame kwa siku moja. Jaribu muuzaji mupya na bombone moja, ile ingine uiweke kwa wa zamani mupaka uone kama huyu mupya anafika siku alizoahidi. Ukiweza, kaa na wawili.

Na jambo la uhai: ukibadilisha chupa, detandere na tiyo viingie sawasawa. Usifunge na kamba wala na mupira wa kinga. Pakaa maji ya sabuni ku kiungo. Mapovu yakitoka, gazi inatoka, funga robine. Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mubaya inayolala mu mashimo na kuua mbuzi na watoto. Gazi ya bombone nayo ni nzito kuliko hewa, inashuka chini sawa mazuku, ila hii inawaka moto. Kwa hiyo usiweke bombone mu shimo wala mu chumba bila dirisha. Na usikubali wale wanaojaza chupa ndogo kutoka mu kubwa pembeni ya barabara. Bei chini ya leo inaweza kuwa kilio cha kesho.

Jambo la mwisho kwenu: muungane. Resto moja inayoomba punguzo inachekwa. Resto kumi na tano za barabara moja zikiandika barua moja na kusema «tunanunua pamoja ao tunaondoka pamoja», muuzaji atatafuta kiti akae.

Kwa viongozi, tunaomba mambo haya, na tunayaomba wazi:

1. OCC ipime bombone mu depo na mu butike, bila kutoa habari mbele, na matokeo yajulikane kwa wakaaji.

2. Divisheni ya uchumi ya jimbo ilazimishe kila muuzaji kubandika bei ya kilo, bei ya dhamana na siku za kuirudisha. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani iko. Uhuru wa bei hauna maana ya bei ya kificho.

3. Wauzaji wote waitwe ku meza moja, pamoja na wenye resto, wapatane juu ya kubadilishana chupa.

4. Kodi na pesa zisizo na karatasi ku bariere zikome. Kila franka inayookotwa ku barabara bila risiti, ni mama wa Birere anailipa.

Tunajua mutu atasema: vijana, mu 2023 kulikuwa wakimbizi Kanyaruchinya waliolala chini ya mahema, na ninyi munahangaika na bombone? Tunajibu: hao wakimbizi nao walitafuta kuni kila asubuhi, na wengine waliingia mu parke kuzitafuta. Muji mukubwa ukiendelea kukula makala, hakutabaki muti wa kukata, na makundi ya silaha hayatakosa mushahara. Moto wa jikoni na moto wa bunduki vinakutana pale.

Tena kuna Ziwa Kivu. Chini ya maji yake kuna gazi nyingi ya metani. Ku upande wa Rwanda, KivuWatt inatoa umeme mu hiyo gazi tangu 2016. Ku upande wetu, serkali ilitangaza mwezi wa kwanza wa 2023 kampuni zilizopewa mafungu matatu ya gazi ya ziwa. Hiyo gazi haitafika kesho mu jiko la mama wa mandazi, tusidanganyane. Lakini siku itafika, kwa waya ao kwa chupa, masharti yatakuwa gani? Kama hatujifunze leo kudai karatasi, kilo na haki ya kuondoka, tutakuja kufungwa na gazi ya ziwa letu wenyewe.

Kuanzia wiki ijayo tutapita Birere, Virunga, Katindo na Ndosho na kilo mukononi. Mwenye resto anayetaka bombone yake ipimwe, atuite, hatuombe hata franka moja. Tutaandika uzito tutakaoukuta, na tutaupeleka ku ofisi zinazohusika.

Mama wa Birere hajatupa bombone zake. Alituambia: «Siku watanirudishia haki yangu ya kuchagua, nitazipangusa vumbi.» Sisi tunataka kuwa pale siku hiyo.

Raia anayelipa ana haki ya kuchagua. Raia anayechagua hafungwi.

Vijana raia wa Goma