Dhulma Haina Dini



Kila mabomu yakianguka Gaza, huku mitandaoni neno "Yahudi" linageuka tusi. Hasira yetu kwa yanayowapata Wapalestina ni ya haki. Lakini hebu jiulize: wapinga dhulma, ama wachukia dini ya watu?

Kumbuka Aprili 2014. Maelfu walikamatwa Eastleigh, wengi Wasomali, na wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani kwa makosa ya watu wasiowajua. Tulilia: usinihukumu kwa kosa la mwenzangu! Basi haki hiyo si yetu peke yetu.

Uyahudi ni dini. Uzayuni ni siasa. Israeli ni dola. Oktoba 2023, mamia ya waandamanaji, wengi wao Mayahudi, walikamatwa stesheni ya Grand Central, New York, wakidai vita vya Gaza visimamishwe. Hao nao utawatukana?

Na dini yetu je? Mtume (SAW) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita. Alipoambiwa ni Myahudi, akauliza kwani yeye si nafsi. Mkewe Safiya (RA) aliposimangwa kwa asili yake ya Kiyahudi, Mtume alimliwaza kwa kumkumbusha kuwa yeye ni wa kizazi cha Manabii.

Kwa hivyo andamana, gomea bidhaa, andika bila woga. Ila kabla hujatuma ujumbe wako, usome tena: umemtaja dhalimu, ama umetukana umma mzima?