Nani Amelipa Meza?



Tulipokuwa tunapanga sherehe ya kikundi, mama mtunza feza alisimama akasema: “Ukumbi unalipwa. Viti vya kukodi vinalipwa. Kupiga chapa gazeti letu kunalipwa. Michango yetu haitoshi. Na kuna muuzaji wa maziwa ya unga aliye tayari kulipa yote. Anaomba meza karibu na mlango, pamoja na ukurasa mmoja wa gazeti. Mnasema nini?”

Wengine walipiga makofi, wengine walinyamaza. Mimi nilikuwa kati ya wale waliopiga makofi. Nyumbani usiku nilianza kuwaza, na ndiyo sababu ya mazungumzo yetu ya juma hili.

Haya si mambo ya vikundi vidogo tu. Hata mashirika makubwa ya watu wa kazi moja, kama madaktari, wakunga au walimu, yanaishi hivyo. Mchango wa wanachama peke yake haufiki mbali. Kwa hiyo shirika linaweka kundi la watu wanaoshughulika na biashara. Kazi yao ni kuuza vitu vitatu: ukurasa, meza na kiti.

Ukurasa ni nafasi ya tangazo ndani ya gazeti. Ule wa nyuma kabisa kwa kawaida unauzwa kwa bei kubwa, kwa kuwa unaonekana hata gazeti likiwa limefungwa. Meza ni nafasi ya kuonyesha bidhaa siku ya mkutano, na ile iliyo kwenye njia ya kwenda kula chakula ina bei kuliko ile ya pembeni. Kiti ni nafasi ya yule anayekuja kusikiliza. Anayelipa mapema mara nyingi anapunguziwa bei, na shirika linapata feza ya kutanguliza kwa ukumbi. Kazi hii inaanza miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Hakuna ubaya hapo. Mama anayeuza sokoni anajua kwamba kupata nafasi nzuri ni nusu ya biashara. Shida inakuja pale mnunuzi anapotaka kitu cha nne, kisichowekwa kwenye orodha ya bei: imani ambayo watu wanayo kwa shirika.

Tutazame Uingereza. Chama cha madaktari wa huko, British Medical Association, kilianzishwa mwaka wa 1832. Ndicho chenye gazeti la BMJ, lililoanza mwaka wa 1840 na ambalo madaktari wa inchi nyingi wanalisoma. Kwa miaka mingi gazeti hilo lilipokea matangazo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Wenye kulipa walijua wanachotafuta: daktari akizoea kuona jina la maziwa fulani katika gazeti analoliamini, kesho litamtoka kinywani mbele ya mama mwenye mtoto mikononi.

Lakini tangu mwezi wa tano mwaka wa 1981 kuna kanuni ya kimataifa iliyopitishwa na Mkutano wa Afya wa Dunia kuhusu namna ya kuuza maziwa hayo. Inakataza kuyatangaza kwa watu wote, na inakataza wauzaji kuwapa waganga zawadi ili wayasifu. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya la Dunia liliongeza shauri lingine: makampuni hayo yasigharamie mikutano ya watu wa afya.

Mwaka wa 2019 ulileta mabadiliko. Chuo cha madaktari wa watoto cha Uingereza, baada ya miaka ya mabishano kati ya wanachama wenyewe, kiliamua kutopokea tena feza ya makampuni hayo. BMJ nalo likatangaza kwamba halitachapisha tena matangazo ya maziwa hayo. Feza ilipotea, na walijua itapotea. Walikubali ukurasa ubaki bila mnunuzi kuliko kuacha mama awe na mashaka juu ya neno la daktari wake.

Mnielewe vizuri. Kuna mtoto aliyefiwa na mama yake, na kuna mama mgonjwa ambaye muganga amemwambia asinyonyeshe. Huyo anahitaji maziwa mengine, na asichekwe na mtu. Lakini shauri hilo litoke kwa muganga aliyemwona. Lisitoke kwa meza iliyolipiwa karibu na mlango wetu. Huku kwetu kopo moja linakula feza ya nyumba, na maji yasiyo safi yakichanganywa na unga huo yanaleta kuhara kwa mtoto. Tena mama akipunguza kunyonyesha, maziwa yake nayo yanapunguka. Zawadi ya kopo la kwanza inaisha upesi, na la pili analinunua yeye.

Sasa sisi tufanye nini? Ninaleta mambo manne, kila kikundi kiyazungumzie.

Kwanza, bei ya meza na ya ukurasa iandikwe, na iwe moja kwa wote. Pili, tangazo lionekane kuwa ni tangazo, lisivae nguo za shauri la mama mwenzetu. Tatu, mama anayeandika gazeti asiwe yule anayetafuta wenye kulipa, maana ni vigumu kusema ukweli juu ya mtu uliyetoka kumuomba feza. Nne, tukubaliane mapema ni nani hatutamuuzia nafasi hata akileta feza nyingi.

Juu ya sherehe yetu, tulirudi kukaa. Meza tutawauzia wamama wa sabuni, wa vitenge, wa mbegu na washonaji. Chakula kitakuwa kidogo, na kila mmoja atakuja na kiti chake kutoka nyumbani. Mama mtunza feza alicheka, akasema angalau kiti hicho anakijua mwenyewe.

Juma lijalo, tukiwa wazima, tutaendelea.