Tusiulize tu wanakula wapi, tuulize nani anapika

Mwenzetu akifika Ulaya, kitu cha kwanza anachotutumia kwenye WhatsApp ni picha ya sahani. Sahani imejaa, glasi iko pembeni, taa zinawaka. Huku kambini maswali yanaanza: hapo ni wapi, hiyo ni nini, bei gani? Kuuliza si vibaya. Ila kuna swali moja tunaliacha kila mara: hicho chakula kimepikwa na nani?

Tuchukue Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, maana wengi wetu tuliotoka Kongo tuna ndugu huko. Ukitaka kula vizuri, usikimbilie vichochoro vya karibu na Grand-Place ambako watalii wanavutwa mlangoni. Shuka metro ya Porte de Namur, uingie Matonge, manispaa ya Ixelles. Jina limetoka Matonge ya Kinshasa. Wanafunzi Wakongo walianza kukutana maeneo hayo miaka ya 1960, wakafuata wafanyabiashara, wasusi, wauza kwanga na sombe. Kuna mtaa unaitwa Rue Longue Vie, yaani Mtaa wa Maisha Marefu, wenye migahawa ya Kiafrika: liboke ya samaki, makayabu, makemba, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Hapo jirani, tangu 2018, kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Na Bunge la Ulaya haliko mbali, unafika kwa miguu.

Jumapili asubuhi nenda soko la karibu na stesheni ya Midi. Watu wanapanga foleni kusubiri chapati za Kimoroko zenye jibini na asali, wanashushia na chai ya mnanaa. Wamoroko hao hawakudondoka kutoka mbinguni. Ubelgiji yenyewe ilisaini mkataba na Moroko mwaka 1964 kwa sababu ilihitaji wafanyakazi. Wazee walikuja kuchimba makaa na kujenga, leo watoto na wajukuu wao wanaulisha mji.

Wabelgiji nao wana vyao. Chipsi wanazikaanga mara mbili, unapewa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, na sosi juu. Kuna mkate mrefu unaojazwa nyama na chipsi, unaitwa mitraillette, yaani bunduki ya rashasha. Sisi tuliokimbia rashasha zenyewe tumecheka sana! Bia ni nyingi mno, na mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wao wa bia kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Usiyekunywa pombe, jua tu kwamba mgahawani hata maji mara nyingi unalipia.

Sasa hoja yetu. Mji ule haukuchangamka kwa sababu ya majengo ya kale peke yake. Ulichangamka kwa sababu waliokuja waliweza kukodi chumba, kupata leseni na kupika chakula cha kwao mchana kweupe. Hatusemi Brussels ni peponi. Tangu 2021 waomba hifadhi wengi, hasa wanaume wasio na familia, wamelala nje kwenye baridi kwa kukosa nafasi vituoni, hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaihukumu Ubelgiji mwaka 2023. Kwa hiyo, kijana mwenzetu, picha ya sahani isikudanganye. Mji ni uleule: mmoja anamiliki mgahawa, mwingine analala kwenye hema kando ya barabara. Mara nyingi kinachowatenganisha ni karatasi, wala si akili au bidii.

Na bidii tunayo. Nendeni Kakuma muone migahawa ya Wahabeshi, injera na kahawa, maduka ya Wasomali, akina mama wa Kongo na bugali na ndakala. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilikadiria kuwa matumizi ya watu wa kambi na mji wa Kakuma yanafika dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara ni zaidi ya 2,000. Huo si mzigo, huo ni uchumi. Lakini katika kambi nyingi za ukanda huu, mpishi hana leseni, hana kibali cha kutoka kwenda kununua mahitaji kwa bei ya jumla, na kibanda chake kinaweza kufungwa kesho.

Ndugu zetu wa mashirika, tunawaheshimu, ila tuseme ukweli. Mnafundisha vijana mapishi, mnawapa cheti, mnapiga picha. Halafu siku ya semina, chakula cha mchana kinaletwa kwa gari kutoka hoteli ya mjini, kinapita mbele ya mlango wa aliyefundishwa. Cheti bila mteja ni karatasi ya kufungia maandazi.

Tunaomba mambo mawili tu. Mnapokaa na serikali, anzeni na leseni na kibali cha kutoka, mafunzo yafuate. Na semina ijayo, agizeni chakula kwa akina mama wa kambini. Bei mnaijua, usafi mnaweza kuukagua, na sombe yao mlishaionja.