Usinunue lenzi ya kamera ambayo huna

Jumapili, saa tatu usiku. Umeme upo, bumu limeingia, na kampasi nzima imegeuka soko. Wa simu wananunua simu, wa viatu wananunua viatu. Mimi leo nina ugomvi na kundi moja tu: wale wataalamu wa kamera wanaowashauri wenzetu wapiga picha. Naomba nimwage ya moyoni kabla hela za watu hazijayeyuka.

Wenzetu wengi hapa wanapiga picha za mahafali, sendofu na kipaimara ili wapate hela ya kula. Kamera zao ni zile za bei ya kawaida, za sensa ndogo, ambazo wenyewe wanaziita kropu. Kwa asiyejua, sensa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, pale ambapo zamani ilikaa filamu. Kwenye Canon za kropu kina upana wa milimita 22.3 hivi. Kwenye zile kubwa, za fulufremu, ni milimita 36.

Sasa mtu akitaka lenzi pana sana, ya kuingiza chumba kizima cha hosteli au Ukumbi wa Nkrumah wote na paa lake, ule uliokuwa nyuma ya noti ya 500, anakwenda kuomba ushauri. Jibu analopewa halibadiliki: "Mdogo wangu, achana na lenzi za kropu, hizo za wanafunzi. Jinyime, chukua ya fulufremu, kesho ukibadilisha kamera unayo tayari."

Jamani! Kwani sisi ni nani kama si wanafunzi?

Haya, tupige hesabu. Haihitaji mtu wa kitivo cha uhandisi. Chukua umbali wako mpaka ukutani, zidisha kwa upana wa sensa, gawa kwa milimita za lenzi. Simama mita 3 kutoka ukutani na kamera yako ya Canon ya kropu. Lenzi uliyonunua pamoja na kamera, ile ya 18-55, ikiwa kwenye 18 inaingiza kama mita 3.7 za ukuta. Vaa lenzi ya fulufremu ya 17-40, ile ya pete nyekundu inayowatoa watu udenda. Kwenye 17 unapata mita 3.9. Umeongeza sentimita 20! Umekula mihogo semista nzima ili uongeze upana wa daftari.

Sasa vaa lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kropu, Canon 10-18. Kwenye 10, ukiwa umesimama palepale, unapata mita 6.7. Karibu mara mbili ya ile uliyokuwa nayo. Hiyo 10-18 ilipotoka mwaka 2014 iliuzwa kama dola 300. Hiyo 17-40 mpya ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Kwa hiyo mshauri wako anakwambia ulipe mara mbili ili upate karibu na bure, halafu umshukuru.

Najua watanijibu. Na mimi nawajibu hapa hapa.

La kwanza: "Lenzi ya kropu haiingii kwenye fulufremu." Kweli kabisa. Lenzi za Canon za kundi la EF-S haziingii kwenye 5D wala 6D. Sina ubishi hapo. Nauliza tu, hiyo 6D yako iko wapi? Ipo kwenye begi au ipo kwenye maombi? Harusi ya Jumamosi inapigwa kwa kamera iliyopo mkononi. Mwenye sherehe hawezi kupanga picha zake kwenye foleni mpaka wewe ujipange kimaisha.

La pili, na ndilo linaloniudhi zaidi: "Nunua kwa ajili ya baadaye." Wandugu, hiyo baadaye imeshafika, tumeiona sura yake. Mwaka 2018 Canon walitoa kamera za EOS R na Nikon wakatoa za Z, kamera zisizo na kioo ndani, na mdomo wa lenzi ukabadilika. Aliyejinyima akanunua lenzi ya fulufremu ya zamani anahitaji adapta ili aitumie kule. Aliyenunua ile ya kropu ya bei chee naye anahitaji adapta. Wote wako dirisha moja! Tofauti ni kwamba mmoja alipiga picha pana miaka yote hiyo, mwenzake alikuwa anatunza kitu cha kesho. Tena kwa kuwa wengi wamehamia kamera hizo mpya, lenzi za zamani zinapatikana kwa mtumba kwa bei nafuu. Mwenye akili atachukua nafasi hiyo.

La tatu: "Lenzi ya f/4.5 ni ya giza, tafuta f/2.8." Hapa nitakuwa muungwana. Kama unapiga muziki usiku au nyota, mwanga ni mali, na ipo Tokina 11-16 ya f/2.8 iliyotengenezwa kwa kropu hizi hizi. Lakini ni nzito, zaidi ya nusu kilo, wakati 10-18 ni gramu 240. Kwa ukumbi, jengo au chumba, vitu hivyo havikimbii. Weka kamera kwenye stendi, punguza spidi, subiri. Hata mkononi, 10-18 ina kitulizo ndani yake kinachosaidia mkono unaotetemeka. Ila kitulizo hakimzuii bwana harusi kucheza, hilo lijue.

Watu wa Nikon msinune, nanyi mna yenu: 10-20 ya AF-P iliyotoka mwaka 2017, nayo bei yake ilikuwa kwenye hizo hizo dola 300. Ila fungueni macho! Haifokasi kwenye D90, D3100 wala D3200, na hizo ndizo zimejaa hosteli. Na ile Tokina ya toleo la kwanza haina mota ya Nikon, kwa hiyo kwenye D3100 utafokasi kwa mkono. Muuza duka anaweza asikwambie, shida yake ni kuuza. Nenda na kamera yako, vaa lenzi pale pale, piga, angalia. Ndipo utoe hela.

Na kama kazi yako yote ni sura za watu, basi usinunue lenzi pana hata moja, ya kropu wala ya fulufremu. Lenzi hizi zinavuta vilivyoko pembeni. Msimamizi wa bibi harusi aliyesimama mwisho wa mstari atatoka na kichwa kama papai, na hela yako hutalipwa. Lenzi pana ni ya sehemu na nafasi: ukumbi, jengo, ndani ya daladala, uwanja wa mahafali. Kama huna kazi hizo, bumu lako lina matumizi mengine.

Ninachopinga mimi ni hii tabia ya kumuaibisha mtu kwa kifaa alichonacho mpaka akione hakifai kununuliwa hata lenzi. Mtu ana kamera nzima, inafanya kazi, inamlipia chakula, halafu anaambiwa aishi kama mgeni kwenye kamera yake mwenyewe. Wanaoshauri hivyo hawachangii hata mia kwenye bei. Wakishasema wanakwenda zao kulala, wewe unabaki na deni na sentimita 20.

Nunua lenzi ya kamera uliyonayo. Ukipata nyingine, uza hii, ongezea, songa mbele. Anayebisha aje kafeteria kesho saa saba mchana, aje na kamera yake na futi ya kupimia. Ukuta upo.